Unga

Mashine yangu ya kusaga, hapa Nagongera,
hunywa dizeli lita mbili kabla ya saa nne,
na ikinguruma hakuna siri wala siasa:
kila mtu ana mdomo, hakuna mwenye sikio.
Lakini mkanda umechakaa. Unateleza.
Ukiteleza nazima, naufunga kwa mpira wa baiskeli,
na katika dakika hizo chache
nchi nzima inaongea.

Jumanne uliteleza mara tatu.

Mara ya kwanza, Owori mfyatua matofali
alikuwa na fulana ya Ngazi, imechanika mgongoni
katikati ya jicho la mgombea.
"Mmesikia redioni? Daktari amejitoa.
Amemuunga mkono Ngazi. Mchezo umekwisha."
"Amemuunga kwa gundi gani?" akauliza Apolot
bila kuinua macho kwenye ungo.
"Juzi tu alisimama pale, uwanja wa shule,
akasema Ngazi ni mwizi wa mchana,
nikapiga makofi mpaka viganja vikaniwasha.
Leo mwizi amekuwa ndugu.
Makofi yangu nimdai nani?"

"Siasa ni hesabu. Ana asilimia nne, anampa mwenzake."
"Asilimia nne ni nini?"
"Ni watu."
"Watu gani?"
"Watu... wake."
"Mimi nilikuwa mmoja wao.
Hata mbuzi akiuzwa hufungwa kamba,
anajua kwamba anahama."

Tukacheka, Owori naye, kwa shida.
Nikawasha. Muhogo wa Apolot ukaingia,
ukatoka mweupe, haujui ulikotoka.

Mara ya pili ilikuwa barua ya kanisani.
Katekista Othieno aliifunua kama noti kubwa
ambayo duka zima halina chenji yake.
Haikutaja jina. Ilisema waumini watazame juu.
"Ngazi hupanda juu," Owori akadakia.
"Na tochi je? Tochi humulika hadi darini,"
akasema Emojong wa bodaboda,
ambaye wiki nzima amejaziwa mafuta na watu wa Tochi
na wiki iliyotangulia na watu wa Ngazi.
Nyaketcho, kwenye gunia lake la wimbi,
alikuwa kimya mpaka hapo.
"Hata kuku," akasema, "akinywa maji hutazama juu."

Kuku yupo kwenye karatasi ya kura, wa mwisho chini:
mwalimu mstaafu, hana gari, hana fulana,
hana askofu, hana daktari.
Bango lake moja nililiona Tororo mjini,
limefungia karanga.

Mara ya tatu mkanda haukuteleza. Ulikatika.
Nyaketcho alikuwa anampigia Apolot kelele sikioni,
na ngurumo ilipokufa ghafla
sauti yake ikabaki peke yake chumbani:
"MIMI NITAMPA KUKU, NA MWENYEKITI ASINIULIZE!"

Mwenyekiti alikuwa mlangoni.
Ana daftari la sabuni, kipande kwa kila nyumba.
Vumbi la unga lilining'inia hewani,
halijaamua litue wapi.
Alilamba kidole, akafungua ukurasa.
"Nyaketcho. Hapa jina lako lipo. Nilifute?"
"Lete sabuni," akasema. "Nitafua.
Kura si nguo."

Hakuna aliyecheka. Emojong alikumbuka abiria.
Owori akanigeukia: "Na wewe, mwenye mashine?"
Nikasema natafuta mpira.

Huko juu wanaungana mikono mbele ya kamera.
Huku chini naunga mkanda,
na unga wa watu unasubiri kwenye madebe,
wa Ngazi na wa Tochi, mmoja juu ya mwingine,
mimi ndiye ninayekumbuka upi ni wa nani.

Alipoondoka, Nyaketcho aliegemea mlango wa bati
akatandika gunia kichwani.
Kiganja chake kimebaki pale, cheupe, vidole vitano,
mkono ambao hakuna aliyeuunga.
Sijaufuta.
Na shilingi mia tano zangu bado hajalipa.